Ufagio Wangu na Michungwa ya Nyoni

Siku ya kuwaombea marehemu, wanawake wa kijijini kwetu walipita na mafagio kwenda kusafisha makaburi ya ndugu zao. Mimi nilikuwa kibarazani napepeta ulezi. Waliporudi walisimama pale njia inapopinda, wakatazama kaburi la mke mwenzangu Lidwina, lililo kati ya michungwa. Lilikuwa limefunikwa majani makavu mpaka msalaba wake ukaonekana kichwa tu. Mmoja wao akasema, wala hakujisumbua kupunguza sauti, "Ukewenza mbaya, jamani. Mwenzake amekufa, yeye bado anamchukia."

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Ningemjibu nini pale njiani, wakati habari yenyewe ni ya miaka kumi na miwili? Ndiyo maana nimekaa na daftari hili la darasa la katekisimu. Kuandika nimejifunza ukubwani, vidole vikiwa vimeshakomaa kwa jembe, kwa hiyo anayesoma anivumilie.

Jina langu la ubatizo ni Notburga. Kabla ya ubatizo nilikuwa na jina lingine, lakini toka kwetu mpaka Mpitimbi watu walinijua kwa jambo moja tu, uwanja wangu. Nilifagia alfajiri, nikafagia tena jua likishuka. Punje ya mtama ikianguka uani kwangu uliiona kabla ya kuku. Wasichana wanaoolewa waliletwa na mama zao kuangalia, waambiwe, "Mwanamke ndiye huyu." Nami nilisifiwa nikasifika, na mgema akisifiwa mnajua anafanya nini na tembo lake.

Mume wetu aliitwa Nyoni. Ujanani mwake alibeba pembe za ndovu mara tatu mpaka Kilwa, na safari ya tatu akarudi na mbegu za machungwa. Alizifunga kwenye tambara, na kila alipovuka mto akalilowesha. Wenzake walirudi na shanga na nguo, wakamcheka. Kumi na moja zilishika. Sita tulizipanda uani, karibu na nyumba, mimi nikishika mche na yeye akifukia. Zile tano zilizobaki alizipanda mteremkoni, kwenye udongo mwekundu, mwembamba, ambako hata mihogo ilisitasita.

Miaka mingi baadaye, machungwa ya kwanza yalipoanza kuiva, Nyoni akaleta mke wa pili. Mimi nilikuwa nimemzalia binti mmoja tu, naye ameshaolewa. Nani angemlaumu? Mimi. Nilimlaumu.

Alimtoa Umatengo, kule milimani. Alikuwa mfupi, mweusi tii, na alitembea kama watu wa kwao, akiinua magoti hata kwenye tambarare, kana kwamba ardhi yote ina mlima. Jina la Lidwina alilipata baadaye, siku moja na mimi nilipopata langu, lakini nitamwita hivyo toka mwanzo kwa sababu ndilo lililonikaa mdomoni. Yeye aliniita Dada. Mimi nilimwita "we wa milimani," na si kwa mapenzi.

Nyoni akagawa miti ili tusigombane. Sita ya uani ikawa yangu, mitano ya mteremkoni ikawa yake. Nilifurahi moyoni, Mungu anisamehe. Ile mitano ilikuwa imekonda, ya kusikitisha.

Kwao Umatengo hulima kwa ngolo. Hukata nyasi, huzilaza kwa mistari inayokatana, huzifunika kwa udongo, na katikati hubaki vishimo vya kushika maji. Lidwina akafanya hivyo mteremkoni, akiizungushia miti yake. Alizika nyasi, akazika mabua, akazika mavi ya mbuzi. Mimi nilisimama juu kwangu nikamwuliza kama ana msiba, maana sijaona mtu anazika vitu vingi namna ile. Akacheka. Hilo nalo liliniudhi, kwamba ukimtukana anacheka.

Lakini lililonishangaza zaidi ni majani. Kila mwaka mvua zikishakatika, asubuhi umande ukishakauka, alichukua ungo akazunguka miti yake. Hakuchuma ovyo. Alitafuta tawi lisilo na tunda, la usawa wa bega. Alihesabu toka nchani, akaliacha jani changa na jani zee, akachuma la nne au la tano. Akaenda upande wa pili wa mti, na wa tatu, na wa nne. Alifuta kila jani kwa pindo la kaniki, akayapanga kwenye ungo, kila mti na mstari wake. Kisha aliketi akayatazama moja moja kwenye jua. Aliyakunja akasikiliza yanavyokatika. Mara nyingine alilitafuna moja akatema. Mwisho alitunga machache kwenye kamba, kila mti na kamba yake, akayaning'iniza ndani ya nyumba yake.

Siku moja alinijia nikiwa nafagia. Alipiga goti, maana adabu alikuwa nayo. "Dada," akasema, "ukiyaacha majani yale yaliyoanguka, ukayaacha tu palepale chini ya mti..."

Sikumwacha amalize. "Unataka uwanja wangu uwe pori kama kwenu? Niletewe nyoka? Wasichana wakija hapa wajifunze nini?" Nikazoa majani yangu yote, na vumbi lake, nikayatupa mbali korongoni kama kila siku. Nilifanya mbele ya macho yake makusudi. Hakusema tena.

Sasa sikilizeni. Mwaka wa pili miti ya mteremkoni ilianza kunawiri. Mwaka wa tatu majani yake yalikuwa ya kijani kizito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na machungwa yakainamisha matawi. Yangu sita, iliyopandwa kwenye udongo mzuri, iliyokaa mahali pa heshima, ikaanza njano. Njano ilianzia majani ya chini ikapanda. Machungwa yakawa madogo kama ndimu, tena machache. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi jua langu lilikuwa karibu, linatembea linainua magoti.

Mtu yeyote wa kwetu anajua kwamba wapo watu wanaovuta rutuba ya shamba la mwenzao. Wewe unalima, yeye anavuna. Nilianza kumvizia. Na kweli, asubuhi moja nilipotoka kisimani mapema, nikamkuta na ungo wake chini ya michungwa yangu. Alikuwa ananichumia majani. Upande huu, upande ule, la nne, la tano. Nilijibanza nikamwacha amalize. Alipokwenda shambani niliingia nyumbani kwake, na pale darini nikaona kamba. Zilikuwa kumi na moja. Sita zilikuwa na majani ya miti yangu, ya mwaka huo na ya miaka iliyopita, yamepangwa kwa mafungu, na kila mwaka yamezidi kupauka.

Nilizishusha kamba zile zote nikaenda nazo moja kwa moja kwa baba mdogo wa Nyoni, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, nikazitupa mbele yake. "Baba," nikasema, "mchawi wetu huyu hapa, na mkia wake huu."

Neno likishatoka limetoka. Kikao kiliitwa. Lidwina aliwekwa katikati, Nyoni akakaa pembeni ameshika kichwa. Baba mdogo akainua kamba moja.

"Binti, haya majani ya nani?"

"Ya Dada, baba."

"Unafanyia nini majani ya mwenzako?"

"Naangalia miti inavyokula. Jani linasema mti umeshiba au una njaa. Ukiwa na la mwaka jana na la mwaka huu, unajua unakwenda wapi. Miti ya Dada ina njaa, baba."

Watu wakaguna. Nikasimama mimi, mwenye ulimi. "Na nani alikutuma uangalie njaa ya miti yangu? Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama. "Nilikuambia, Dada. Ulikuwa na ufagio mkononi."

Hakuna aliyemsikiliza. Ikaamuliwa kwamba mavuno yakiisha atakunywa mwavi. Akiutapika ni safi, asipoutapika atakufa na uchawi wake. Boma la Wajerumani lilikuwa limepiga marufuku mwavi, lakini boma haliishi kijijini. Nyoni aliomba, akabembeleza, akaambiwa akae chini. Na mimi nilirudi nyumbani nikafagia uwanja wangu, nikalala usingizi mzuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote. Nililala.

Mavuno yaliisha, lakini mwavi haukunywewa, kwa sababu maji yalitangulia. Wajumbe walitoka pande za mashariki na dawa yao, wakasema risasi za Wajerumani zitageuka maji. Wanaume wa Ungoni wakanywa wakapakwa. Kesi ya mwanamke mmoja na kamba zake ikawekwa mpaka warudi vitani. Nyoni aliondoka asubuhi na ngao ya baba yake. Alitusimamisha mimi na Lidwina pamoja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kikao, akasema, "Itunzeni miti. Na msigombane karibu nayo, itasikia."

Alipenda mzaha, Nyoni. Nakumbuka tulicheka wote watatu, kidogo, bila kutazamana. Hicho kilikuwa kicheko chetu cha mwisho na yeye. Aliyerudi alitueleza kwamba bunduki ya bombomu ya Wajerumani iliwakata kama mtama, na kwamba Nyoni alikuwa mstari wa mbele. Kaburi hatukuonyeshwa.

Kisha wakaja askari. Tulikimbilia msituni na tulichoweza kubeba, na toka juu tuliona moshi ukipanda kijiji baada ya kijiji. Walichoma nyumba, walichoma maghala, ulezi na mahindi ya mwaka mzima. Tuliposhuka, nyumba yangu ilikuwa lundo la majivu. Ya Lidwina pia, na kamba zake zote, alizokuwa amerudishiwa baada ya kikao, zilikuwa zimekwenda na moto. Miti ilisimama. Mitatu yangu iliyokuwa karibu zaidi na nyumba iliungua matawi ya upande mmoja.

Wale ambao hamkuiona njaa ile siwezi kuwaeleza, na mlioiona hamhitaji. Tulikula mizizi ya porini. Tulikula mbegu zilizotakiwa kupandwa. Na katika njaa ile ile watu walimkwepa Lidwina. Akiomba kaa la moto, moto ulikuwa umezimika. Akifika kisimani, wengine waliondoka. Neno langu lilikuwa limebaki hai wakati wengi wa walionisikiliza walikuwa wamekufa.

Ndipo kaka yake akatoka Umatengo kuja kumchukua. Milimani chakula kilikuwepo kidogo. Mume amekufa, nyumba imeungua, nini kingine kingemweka? Nilidhani nitafurahi. Lidwina akamwambia kaka yake mbele yangu, "Siendi. Nikiondoka sasa, nitaondoka mchawi. Na kule kwetu neno litanifuata." Halafu akanigeukia. "Dada, nipe miti yako sita kwa mvua moja. Usifagie. Ikikataa kurudi, mimi mwenyewe nitamwambia baba mdogo anisagie mwavi."

Kaka yake alishika kichwa kama Nyoni siku ile. Mimi nikapima. Kiburi changu kikanifundisha ujanja. "Nakupa mitatu," nikasema. "Ile iliyoungua. Mitatu mingine naendelea kuifagia kama kawaida. Tutaona ni nani anayejua miti."

"Hivyo ni vizuri zaidi," akasema. Wakati ule sikuelewa kwa nini alitabasamu.

Kaka yake akarudi kwao, akasema atakuja tena mvua zikiisha. Lidwina akaanza. Alikata nyasi akazilaza kwa ngolo kuizunguka mitatu ile. Kisha akanijia kwa sauti ya chini. "Dada, ncha za majani zimekauka kama zimebabuliwa, hata upande usioguswa na moto. Hapo mti unataka majivu. Naomba ya nyumba yako."

Majivu ya nyumba yangu. Pale ndani kulikuwa na kitanda cha Nyoni, kigoda chake, dari lililokauka kwa moshi wa miaka yangu yote. Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikachukua kapu mwenyewe, nikazoa. Tulibeba wote wawili, kapu kwa kapu, bila kusemezana, naye akayanyunyiza mbali na shina, kiasi kidogo kidogo. Nilipotaka kumwaga yote mahali pamoja akanishika mkono. "Taratibu, Dada. Majivu mengi nayo ni njaa." Nililia siku ile. Sikuwa nimemlilia Nyoni vizuri, kulikuwa na kukimbia. Nililia nikiwa nimeshika kapu, na yeye akaendelea kunyunyiza, akaniacha nilie.

Mvua zilinyesha, zikakatika. Asubuhi moja umande ulipokauka Lidwina alinipa ungo. "Chuma wewe," akasema. "Nikichuma mimi utasema nimechagua."

Nilichuma. Tawi lisilo na tunda, usawa wa bega, la nne, la tano, pande nne. Nikapanga mistari sita. Sikuhitaji kuambiwa. Mistari mitatu ilikuwa ya kijani, si kizito kama cha mteremkoni, lakini kijani, na ncha zake nzima. Mitatu mingine, ile niliyoifagia kwa mikono yangu jioni na asubuhi kwa miaka yote ile, ilikuwa njano kama ugonjwa. Majani mengine yalikuwa yamebakiza kijani cha pembe tatu tu karibu na kikonyo, basi. Nilielewa kila kitu pale, nimeinamia ungo. Chakula cha miti yangu nilikuwa nakitupa korongoni, mara mbili kwa siku, na watu wakinisifu.

Lidwina alisubiri. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Nikasema, "Mvua ya mwaka mmoja haitoshi. Tutaona mwakani."

Aliweka ungo chini, akaenda. Siku tatu baadaye kaka yake akaja, na nilipoamka siku ya nne kibanda alichojenga Lidwina baada ya moto kilikuwa tupu. Hakuchukua kitu. Hata ungo aliuacha, umeegemea mchungwa, na majani yangu ndani yake yakiwa yamejikunja.

Nilichukua ufagio kama kawaida. Nikafika chini ya mti wa kwanza, na mkono ukakataa. Nawaambia kweli, mkono ulikataa. Nilikaa chini kwenye uwanja wangu msafi, uwanja mtupu, usio na mume wala mke mwenza wala jani. Nani angekuja kuuangalia? Nilikuwa nimebaki peke yangu na usafi wangu.

Nikatunga kamba mbili. Moja ya majani ya kijani, moja ya majani ya njano. Nikazivaa shingoni, nikachukua mizizi michache ya kula njiani, nikaenda Umatengo. Nilitembea siku tano, maana miguu ilikuwa dhaifu kwa njaa, na kule mwishoni nilielewa kwa nini watu wa kwao wanainua magoti. Nilifika kwa baba yake Lidwina jioni watu wamekaa. Sikungoja kukaribishwa. Nikavua kamba zile nikaziweka chini, nikapiga magoti mimi, mke mkubwa, nikasema, "Nilimwita binti yenu mchawi. Mchawi wa miti yangu nilikuwa mimi na ufagio wangu. Nilijua kabla hajaondoka, nikanyamaza."

Lidwina alitoka ndani, akaokota kamba, akazisogeza machoni. Akavuta jani moja kwa kidole. "Hili la pili toka nchani," akasema. "Changa mno. Ulikuwa na haraka."

Sijui nani alianza kucheka. Ila kucheka kulipoisha, alinitazama kwa uso mwingine. "Dada, umesema hapa, ambako hakuna aliyenitukana. Mwavi uliniitia kwenu. Nitarudi na wewe ukienda kusema kwenu."

Hilo lilikuwa zito kuliko milima yote. Kwa wageni mtu anaweza kujidhalilisha, kesho akaondoka. Kwenu utaishi nalo. Lakini tulirudi pamoja, nami nikaomba kikao. Baba mdogo alikuwa amepofuka jicho moja kwenye vita. Waliobaki walikuwa wachache, wengi wajane kama sisi. Nikasema yote, la ufagio na la korongo na la zile siku tatu. Nikampa baba mdogo kamba aziangalie kwa jicho lililobaki. Akazilinganisha, halafu akasema, "Na sisi tuliomsikiliza mwenye uwanja safi, sisi ni nani?" Akaagiza moto. Akachukua kaa kwa koleo kwa mkono wake mwenyewe, akampa Lidwina aende kuwashia jiko lake. Toka siku ile hakuna moto uliozimika yeye akiomba.

Tuliishi miaka mitano baada ya hapo, nyumba moja, maana kujenga mbili hakukuwa na haja tena, na kodi ya boma hutozwa kwa nyumba. Jamani, miaka ile. Jioni tuliketi chini ya michungwa, miguu ikizama kwenye majani, yeye akinifundisha kusoma kile ambacho jani linasema. Njano ya chini, mti unakula akiba yake. Njano ya juu yenye mishipa ya kijani, umelishwa majivu kupita kiasi. Hilo la pili nililijua kwa kosa, maana mwaka mmoja yeye amekwenda kwao nilimwaga majivu ya jiko lote kwenye mti mmoja kwa mapenzi, akarudi akaukuta umepauka kichwani kama mzee. Alinicheka wiki nzima. "Dada, kwanza uliua kwa njaa, sasa unaua kwa shibe!"

Tulibatizwa siku moja Peramiho. Bruda mmoja wa bustani alipita kwetu baadaye, akasikia habari za machungwa, akataka kuiona miti. Akasimama chini ya mmoja, akachuma jani, akaliinua kwenye jua, akalikunja karibu na sikio. Lidwina alinikanyaga mguu. Tulishikilia vicheko mpaka alipoondoka. "Na yeye atakunywa mwavi," akaninong'oneza. Ni yeye tu aliyekuwa na haki ya kulifanyia mzaha jambo lile, na alilifanyia mpaka mwisho.

Mwisho wenyewe ulikuwa mwaka jana, homa ya siku sita. Katikati ya homa aliniuliza kama mvua zimekatika. Nikamwambia zimekatika. Akataka ungo. Nilichuma pande nne, la nne, la tano, nikamwekea kifuani mistari kumi na mmoja. Macho yalikuwa hayaoni vizuri tena. Aliyapapasa tu kwa vidole, moja moja, akafika mwisho. "Yote imeshiba," akasema. Nikamwambia ndiyo. Sikumwambia kwamba mmoja wa mteremkoni ulikuwa umeanza njano chini. Ninaushughulikia.

Tulimzika kati ya sita yangu na mitano yake. Nina kamba kumi na moja darini, za mwaka jana na za mwaka huu, na siku hizi wasichana wanaoolewa hawaletwi tena kwangu kuangalia uwanja. Siku ile ya marehemu, kabla wenzangu hawajapita, na mimi nilikuwa nimetoka na ufagio. Nilitaka kumfanyia kama wote wanavyowafanyia wao. Nilifika, nikainama, nikayagusa yale majani juu yake. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na laini, una unyevu hata baada ya kiangazi kizima.

Nikaurudisha ufagio ndani. Watu waseme wapendavyo, mimi Lidwina simfagilii.